Spika ya Kulia

Baba aliniuliza, nami nikajibu. Angeweza kuamua peke yake, maana nilikuwa mtoto wa darasa la tatu na nyumba ilikuwa yake, lakini jioni ile alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza kama tuizibe mgongo ile spika ya dirisha la ndani au tuiache kama ilivyo. Nikasema tuizibe. Ningesema hapana, angeiacha. Ningesema sijui, angesubiri mjomba arudi. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimefanya maamuzi mengine ya kijinga yaliyonipotezea kazi na marafiki, lakini hakuna hata moja ninalotamani kulirudia na kulikataa kama hilo. Upande wa pili wa dirisha lile alikuwa amelala mama yangu.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Majuzi nilipeleka sigiri yangu ya makaa Katwe kuungwa mguu, na jirani na banda la fundi palikuwa na kijana anayevunja redio kuukuu. Alikuwa akilehemu waya, na ule moshi mweupe, mtamu, unaokereketa kooni kama ubani uliochanganywa na utomvu, ukanijia usoni. Fundi wa sigiri akaniita bure. Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya mjomba Sefu, kidevu changu kikiwa sawa na ukingo wake.

Mjomba Sefu alikuwa mdogo wake mama, wa kumfuata. Alikuwa na meza yake palepale Katwe, katikati ya wafua bati, mahali ambapo mtu akitaka kusema na mwenzake humshika bega kwanza, kwa makelele ya nyundo. Alitengeneza redio. Wenzangu wa rika langu watazikumbuka zile redio za kabati, kubwa kama sanduku la bibi harusi, zenye santuri juu na vitasa vya shaba. Moja ya namna hiyo ilifika mezani kwake ikiwa imeliwa na mchwa. Mbao zikawa kuni. Lakini ndani yake mlikuwa na twita mbili ambazo mjomba alizitoa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku.

Twita, kwa wasiojua, ni spika ndogo ya sauti nyembamba. Siku hizi ukilitaja neno hilo wajukuu wanadhani unazungumzia mambo ya simu. Hizi hazikuwa kama nilizowahi kuona. Hazikuwa na karatasi ya duara wala mgongo. Kila moja ilikuwa utepe wa bati jembamba mno, umekunjwakunjwa kama marinda, unaning'inia kati ya sumaku mbili, na ukiuchungulia mbele unaona mwanga wa nyuma. Utepe wa moja ulikuwa umechanika. Mjomba alihitaji bati la namna ile, na bati la namna ile lilipatikana ndani ya pakiti za sigara. Yeye hakuvuta. Aliyevuta ni Ssalongo, mfua bati wa banda la pili, baba wa mapacha, mtu wa mzaha tangu asubuhi, naye alikuwa ameambiwa spika ni za kisomo.

"Mnanifanya nivute kwa ajiri ya dini," alisema kwa lafudhi yake ya Kiganda, siku aliyotuletea pakiti tupu mfuko mzima. "Mke wangu akiniuriza, nitasema ni kazi ya msikiti."

Tuliyaroweka makaratasi yale kwenye sufuria mpaka upande wa karatasi ukabanduka, likabaki bati tupu, linang'aa, linanuka tumbaku. Kazi yangu ilikuwa kulilaza juu ya kioo na kulinyoosha kwa mgongo wa kijiko. Mengi niliyachana. Mjomba hakunikemea. Alisema tu, "Tena," na kunipa jingine.

Bati lilipokuwa tayari kuning'inizwa, mjomba hakulijengea sanduku. Alikata ubao mpana kwa kila twita, akatoboa tundu la twita juu na tundu la spika kubwa chini, basi. Mgongo ukabaki wazi. Nilimuuliza mbona spika zote nilizowahi kuona zina kabati. Aliusimamisha ubao mmoja katikati ya uwazi wa nyuma ya mabanda, akaunganisha redio, akaniambia nizunguke taratibu huku nasikiliza. Mbele, sauti ya msomaji wa habari ilikuwa kali, kila neno limesimama. Nilipofika ubavuni, mahali ambapo ubao ulionekana mwembamba kama ukingo wa mlango, maneno yaliyeyuka. Nilidhani redio imekatika. Nikapiga hatua nyingine, nikawa nyuma, na msomaji yule akarudi mzima, kama aliyekuwa ameingia ndani kunywa maji na kutoka tena.

"Hizi zinasema pande mbili," mjomba aliniambia. "Wa mbele asikie, na wa nyuma asikie. Ubavuni tu ndiko hazisemi. Ukizifunga nyuma, umezikaba koo."

Nilipaswa kuyashika maneno hayo. Niliyashika, lakini kama mtoto anavyoyashika mengi, bila kujua ni ya kazi gani.

Nyumba yetu ilikuwa Kibuli, chini kidogo ya msikiti. Baba aliuza vitambaa mjini. Mama alizaliwa hapohapo kilimani, lakini babu zake walifika na biashara kutoka pwani, na kwao Kiswahili kilitunzwa kama vyombo vya kabatini, havitolewi hovyo. Mimi nilikuwa nacheza mchana kutwa na watoto wa Kiganda, na ulimi wangu ulikuwa kama wao: l na r kwangu zilikuwa kitu kimoja. Siku moja nilimwomba baba aninunulie karamu ya shule. Aliniuliza nimealika wageni wangapi. Nyumba nzima ilicheka, nami nikacheka nao bila kujua kwa nini, mpaka mama aliponivuta pembeni na kunionyesha kwamba kalamu ni kitu kimoja na karamu ni kitu kingine.

Yeye ndiye aliyenifunza herufi, za kizungu na za Kiarabu. Alinishika kidevu kwa vidole viwili, akafungua mdomo wake niuone ulimi. Lamu, ulimi unapanda unalala ufizini. Raa, haugusi, unatetemeka kidogo tu. Ilipofika raa niliwekewa kidole mbele ya midomo ili nisikie upepo. Nilishindwa. Nilisoma raa zote kama lamu, na siku nyingine, kwa kutaka kumpendeza, lamu zote kama raa. Hakuchoka na mimi. Alikuwa na namna ya kufumba macho nilipokuwa nasoma, na kosa likitokea aliinua kidole bila kuyafumbua.

Kisha kifua kikamshika. Alikonda. Akahamishiwa chumba cha nyuma ya sebule, na daktari akasema watoto wasiingie. Kikombe chake kikawekwa mbali na vyetu. Mama mdogo Zuwena, mdogo wao wa mwisho, alikuja kukaa nasi ili amuuguze. Yeye ndiye aliyeingia na kutoka. Mimi niliruhusiwa kusimama mwisho wa ukumbi na kupunga mkono mlango ulipofunguliwa. Mama alinipungia naye. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mara ulipoanguka kitandani mlango ulifungwa.

Kati ya sebule na chumba kile palikuwa na dirisha la ndani, lililo juu ukutani, lenye vyuma na pazia upande wa mama. Na kila baada ya magharibi majirani wa baba walikuja sebuleni na barazani. Mimi nilisoma sura fupifupi za juzuu ya Amma, wazee wakaitikia dua, kisha redio ikafunguliwa kwa habari. Baba alijivunia sana kusoma kwangu, ingawa sauti yangu ilikuwa ndogo na waliokaa baraza ya ubavuni walilalamika kwamba wanaona midomo tu.

Mjomba akamwambia baba kwamba atawawekea wazee spika, na maikrofoni kwa ajili yangu. Baba alifurahi. Ubao mmoja ukasimamishwa kwenye dirisha la baraza, ukasema na waliokuwa nje na waliokuwa ndani. Wa pili mjomba aliomba kuuning'iniza kwenye dirisha la ndani. Baba hakuuliza kwa nini. Aliona ni mahali pa juu, pazuri.

Mimi niliketishwa chini, mgongo ukutani, karibu chini ya dirisha lile. Mjomba alisema ndipo mahali pekee ambapo maikrofoni haitaisikia spika na kuanza kupiga mluzi, maana ni ubavuni. Hivyo katika nyumba nzima mtu ambaye hakuwahi kusikia jinsi ninavyosikika alikuwa ni mimi. Nilisikia sauti yangu ndogo ileile mdomoni mwangu, na mbele yangu niliona wazee wamenyoosha shingo.

Siku ya kufunga spika, mjomba alisimama katikati ya mahali pa wazee, akinitazama, akamwelekeza Ssalongo aliyekuja kusaidia ngazi.

"Ile ni ya kushoto, ya barazani. Hii ya dirisha la ndani ni ya kulia. Usichanganye waya."

"Ya kuria," Ssalongo akarudia, huku akikaza skrubu. "Nyinyi Waswahiri mna neno moja kwa kazi nyingi. Mtu wenu akiria, sijui anaria machozi, anaria chakura, au anageuza gari."

Mjomba akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nafikiri. Kwangu, nilivyokaa, spika ya dirisha la ndani ilikuwa bega la kushoto. Niliinua mkono ninaolia chakula, nikauangalia. Ulikuwa upande wa baraza. Mjomba si mtu wa kukosea mkono, basi hakuwa na maana ya mkono. Alikuwa na maana ya machozi. Kulikuwa na spika ya kushoto, na kulikuwa na spika ya kulia, inayolia au inayoliza watu, na imewekwa kwenye dirisha la mgonjwa. Nilikubali jambo hilo kimyakimya kama watoto wanavyokubali mambo ya wakubwa, nikadhani kila mtu analijua.

Kabla hawajaondoka nilimuuliza mjomba huko nyuma ya spika anasikiliza nani. Aliangalia upande wa pazia, kisha akanikonyeza.

"Kuna msikilizaji mmoja, mkali kuliko wazee wote hawa. Soma vizuri."

Chuoni tulikuwa tumefundishwa habari ya malaika wawili wa mabegani, wa kushoto akiandika makosa. Spika ilikuwa juu ya bega langu la kushoto. Sikuuliza tena.

Nilisoma nikimwogopa mwandishi yule. Na kweli alikuwa mkali. Mjomba alifika asubuhi kumwangalia dada yake kabla ya kushuka Katwe, akitoka chumbani ananiita. "Jana raa ya mwisho ilikuwa lamu." Au: "Ulikimbia. Nani alikuwa anakufukuza?" Jioni hizo mjomba mwenyewe hakuwepo, alikuwa bado kwenye meza yake. Nilistaajabu malaika kumpa mjomba habari zangu, lakini nikarekebisha. Sasa ni wazi kwa yeyote anayesoma hapa nani alikuwa akinisahihisha. Siku zile hakuna aliyeniambia, na mimi sikuona.

Mjomba alitueleza jambo jingine ambalo nimekuja kulielewa nikiwa mtu mzima. Baba alikuwa amemuuliza kwa nini anahangaika na utepe wa sigara wakati spika kubwa peke yake inatosha kunguruma. Mjomba akamwambia, "Shemeji, sauti nene haina shida, inapita ukutani yenyewe. Herufi ndizo zinazofia njiani." Twita zilikuwa kwa ajili ya herufi. Sini na swadi, thaa, ncha ya raa. Aliyajenga yote yale ili herufi zangu zifike chumba cha nyuma zikiwa nzima.

Kisha mjomba akasafiri Nairobi kutafuta vali za redio, zile taa za ndani, ambazo hapa zilikuwa hazipatikani. Alisema atakawia. Mara tu baada ya kuondoka kwake, nikaipata raa. Sijui ilivyokuja. Nilikuwa nasoma, ulimi ukatetemeka pale unapotakiwa, sikuamini, nikaendelea, na ilipokuja tena ikatoka tena. Hakuna mzee aliyegundua. Wakaitikia dua. Mimi, kwa furaha, nilishindwa kutulia. Nikapanda kigoda eti natazama waya wa spika, na kupitia upenyo kati ya ubao na ukingo wa dirisha, pazia likiwa limesogea, nikamwona mama.

Alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea kwenye spika, karibu kabisa na ukuta; kumbe walikuwa wamekisogeza kitanda. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye mto. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, na kidole kimoja kimeinuka juu ya shuka. Hakuniona. Macho yake yalikuwa yamefumba.

Nilishuka kigoda. Nilikuwa nimemwona mama akilia mbele ya spika ya kulia. Yote yalikaa mahali pake. Raa ilinitoka kichwani kabisa.

Mama mdogo naye alikuwa ameona machozi hayo, jioni kadhaa, akamwambia baba. Yeye alikuwa mgeni wa mambo ya spika na hakujua mjomba na mama walikubaliana nini. Daktari alikwisha sema mgonjwa asisumbuliwe na makelele. Ndipo baba aliponichuchumalia ukumbini, bado amevaa kofia ya msikitini, ananukia marashi na vitambaa vipya.

"Mama yako analia jioni. Wewe ndiye fundi, mjomba wako hayupo. Unaona ni hii sauti inayomsumbua?"

"Ndiyo, baba. Ile ndiyo ya kulia."

"Ndiyo, ya kulia," alisema baba, akaangalia upande wa mkono wake wa kulia. "Sasa tuizibe mgongo, au tuiache?"

Nilikumbuka maneno ya mjomba kuhusu kukaba koo. Nilikumbuka pia, na sitalificha, kwamba ikizibwa yule mkali wa bega la kushoto hatanisikia tena. Hilo lilinipa nafuu. Lakini zaidi nilimkumbuka mama na ule mto uliolowa, na nilitaka asilie.

"Tuizibe."

Baba aliniamini. Alishika ngazi, mimi nikapanda kuushusha ubao, maana ndiye niliyejua waya zimepita wapi. Tulijaza sufi nyuma ya utepe na nyuma ya spika kubwa, sufi ya mto wa zamani, nikapigilia ubao wa kreti ya chai juu yake kwa misumari midogo, kisha tukairudisha spika dirishani. Niliupigilia vizuri. Ukipitisha mkono ukingoni usingehisi hata upenyo.

Jioni iliyofuata spika ilianza kupiga mluzi. Sasa ilikuwa na mgongo, imekuwa kama spika nyingine zote, sauti inamwagika hata ubavuni ilikokuwa haisemi, na ubavuni ndipo ilipokuwa maikrofoni. Wazee wakaziba masikio. Baba akapunguza sauti, mluzi ukarudi, akapunguza tena. Mwishowe akaichomoa. Ikabaki ya barazani peke yake, kwa ajili ya habari tu, na sebuleni nikasoma kwa mdomo mtupu, kwa sauti yangu ndogo. Mama mdogo akasema mgonjwa halii tena jioni. Baba aliniwekea mkono kichwani. Nililala nikiwa na furaha.

Mjomba alirudi baada ya wiki chache. Mama alikuwa amepelekwa hospitali siku mbili tatu kabla, amebebwa kwa kiti, nami nimesimama mwisho wa ukumbi nikipunga. Mjomba alifika na vumbi la safari, akaingia chumba cha nyuma, akakuta kitanda kitupu. Alitazama juu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nani amefunga hii?"

Nilisema ni mimi. Nilisema kwa fahari kidogo, nikamweleza jinsi nilivyojaza sufi.

Hakupandisha sauti. Alichukua bisibisi mfukoni, akaanza kubandua misumari mmoja mmoja. Sufi ikaanguka sakafuni. Utepe ulikuwa umegandamizwa kwenye sumaku, umekunjika. Akaketi kwenye kile kitanda na kuniambia niketi karibu, na ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa kuingia chumba kile.

"Alikuwa anakusikiliza," alisema. "Spika hii haikuwa ya wazee. Wazee niliwaongezea."

Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Alinikataza. Alisema ukijua yuko, utalia badala ya kusoma. Alitaka akusikie usipoogopa."

Nilimwambia kwamba nimeipata raa. Nilimsomea palepale, kitandani, ili anipeleke hospitali nikamsomee na mama. Mjomba aligeuza uso. Alisema kesho. Alinibeba mgongoni kesho yake, tukapanda kilima, na lango la wodi hawakuniruhusu kupita, kwa sababu ya umri. Mjomba aliwasihi, kisha akaacha. Tulikaa nje kwenye nyasi. Mama alifariki kabla ya mwezi kuandama.

Mjomba hakunilaumu hata siku moja, wala baba. Ubao wa pili ulitolewa, dirisha la ndani likazibwa kwa matofali. Mjomba aliendelea na redio zake lakini hakujenga tena spika zisizo na mgongo. Aliyetaka spika alijengewa sanduku. Mimi niliendelea na shule mpaka sekondari, nikafanya kazi za dukani, nikaoa, nikazaa. Katika misiba ya kwetu wameniomba mara nyingi nisome, kwa sababu watu wa rika langu hukumbuka kwamba nilikuwa na ulimi mzuri. Huwa nasema koo langu ni bovu. Ukweli ni kwamba kila nikifungua mdomo mbele ya watu nausikia ule ukuta mgongoni.

Ya mwisho niliyajua nikiwa na ndevu za mvi, Mama mdogo Zuwena alipokuwa mzee anayesahau mambo ya jana na kukumbuka ya zamani. Tulikuwa tunakunywa chai. Nikamuuliza jioni zile za mwisho nyumbani zilikuwaje. Aliniambia bila kupindisha, pengine hakukumbuka tena kwamba mtoto yule nilikuwa ni mimi.

Alisema jioni ya kwanza ya ukimya mama aligeuka akatazama dirishani, akangoja. Alisikia mvumo wa wazee, hakusikia herufi. Akauliza, "Mbona mtoto hasomi leo?" Mama mdogo akamwambia anasoma, dada, anasoma; habari ya kuzibwa hakuitaja, asije akataka ifunguliwe. Mama akatega sikio tena. Jioni ya pili akauliza vilevile. Ya tatu hakuuliza. Ila baadaye, mama mdogo alipokuwa anamgeuza ubavu, mama alisema, "Ameacha. Msimlaumu. Labda amejua namsikiliza, wakamwambia kifua changu kinaambukiza hata kwa sauti." Baada ya hapo akaomba kitanda kirudishwe mahali pake pa zamani, mbali na ukuta.

Kuhusu machozi, mama mdogo alikumbuka jioni moja tu kwa maneno, maneno ambayo wakati ule hakuyaelewa. Mama alikuwa akilia na kutabasamu, akamshika mkono, akasema, "Amepata raa."

Mimi nilikuwa chini ya dirisha, mgongo umeegemea ukuta uleule, nikisoma kila jioni. Sikuacha hata moja. Mama yangu alikufa akiamini kwamba nilikuwa nimeacha kumsomea kwa kumwogopa.